Mboga ya Kusukuma Mtumbwi

Jumatatu, 11 Januari 1999

Shule imefunguliwa. Nimepewa sayansi darasa la sita, kama mwaka jana. Mwalimu Mkuu Chenge ametoa hotuba ile ile ya nidhamu na kuvaa viatu. Mvua hakuna. Magugu maji yamerudi mpaka kwenye mawe.

Jumatano, 13 Januari

Mume wangu Shimba ameleta nyama tena. Mama Rebeka aliuona mfuko wa buchani tangu njiani, akanifuata mpaka jikoni kuhakikisha.

"Mwenye mtumbwi anakula ng'ombe, sisi tunakula samaki wake," akasema. "Mwalimu, wewe umeolewa."

Rebeka ni jirani yetu, mjane wa Kijita aliyehamia huku Ilemela zamani. Anabanika mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara ambavyo viwanda vinatuachia vikishachukua minofu. Analea mjukuu wake, Favour, ambaye yuko darasani kwangu. Kila asubuhi anashuka mwaloni kusaidia kusukuma mitumbwi inayorudi, na kila anayesukuma hupewa samaki wa kupika. Ndiyo mboga yake. Hakuna mwenye mtumbwi hapa anayeweza kuwanyima waliosukuma akabaki na jina.

Nilijisikia vizuri, sitaficha. Shimba alikuwa mtu wa mashine kwenye kiwanda cha pamba cha ushirika. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, ushirika ukadhoofu, naye akapunguzwa. Alikaa barazani mwaka mzima akiangalia barabara. Kisha akachukua kiinua mgongo chake akanunua mtumbwi, watu wakamcheka, Msukuma wa pamba ataliweza wapi ziwa. Sasa wanaocheka ni wachache.

Jumanne, 19 Januari

Joto. Chaki zimekwisha.

Jumatatu, 25 Januari

Tumeanza upumuaji wa wanyama wa majini. Watoto walivua sato wadogo kwa kipande cha chandarua, tukawaweka kwenye beseni chini ya dirisha. Niliwaambia wahesabu mara ngapi samaki anafungua mashavu. Kitabu kinayaita matamvua, lakini ukisema matamvua hapa watoto wanakutazama tu. Favour ndiye aliyeona wa kwanza kwamba mdomo ukifunga, mashavu yanafunguka. Nikawaeleza kwamba maji yanaingia mdomoni, yanapita kwenye mashavu, na hapo damu inachukua hewa iliyomo majini. Mwanadamu ana mapafu, samaki ana mashavu, kazi ni moja.

Yule mkubwa wamempa jina la Mwalimu Mkuu kwa sababu anafungua mdomo kutwa nzima. Nilijifanya sijasikia.

Alhamisi, 28 Januari

Rebeka ananisifia samaki wa Shimba. "Wasafi hao, hata nzi hawawagusi. Nikiwaanika na wa mitumbwi mingine, nzi wote wanakwenda kwa wenzao." Bwana afya alipita mwaloni wiki hii, naye akasifu kwamba nzi wamepungua.

Jumatatu, 1 Februari

Nimesahihisha madaftari. Nyama tena.

Jumatano, 3 Februari

Samaki wa darasani wamekufa wote. Naandika ilivyokuwa leo hii, maana kesho nitaanza kujidanganya.

Ndoo ya shule imepasuka, kwa hiyo asubuhi nilichukua dumu la buluu lililokuwa nyuma ya jiko letu, lile ambalo Shimba huenda nalo ziwani. Nililisuuza. Lilikuwa na harufu ya kiwanda cha pamba, harufu niliyoizoea miaka mingi kwenye mashati yake, hata sikujiuliza. Nani hapa anatupa dumu? La mafuta linachotea maji, la maji linawekea togwa. Favour na mwenzake wakachota ziwani, tukabadilisha maji ya beseni.

Kwanza walipanda juu wote pamoja, wakawa wanatoa midomo nje ya maji. Watoto walifurahi, walidhani wanaomba chakula. Halafu mashavu yakaanza kwenda haraka, haraka kuliko watoto walivyoweza kuhesabu. Yule mkubwa alilala ubavu akalizunguka beseni kwa ubavu huo huo, kama mtu anayepapasa kutafuta mlango. Halafu mashavu yakapungua. Yakafunguka, yakakaa. Yakafunguka. Watoto waliendelea kuhesabu kwa sauti kwa sababu mimi sikuwaambia waache. Walifika mahali wakawa wanaisubiri namba inayofuata, nayo haikuja.

Nilimpasua mmoja mezani. Mashavu yaliyokuwa mekundu yamekuwa ya kijivu, yamejaa ute. Nikawaambia maji yalikuwa ya moto, hewa ikapungua. Wakaandika hivyo kwenye madaftari yao, kwa mwandiko mzuri.

Nilipofika nyumbani Shimba alikuwa anazunguka nyuma ya jiko.

"Dumu langu la buluu liko wapi?"

"Liko shuleni. Nimechotea maji ya samaki wa darasani."

Hakuuliza kuhusu samaki. Aliniangalia mikono. "Umenawa?" akasema.

Hapo nikajua. Nilinawa tena mbele yake kwa sabuni, na yeye akanimiminia maji, na tulikuwa wapole sana, kama watu wanaokaribishana chakula. Kisha akanieleza. Ni dawa ya kupulizia pamba. Zamani ilikuwa ikitolewa na ushirika kwa wakulima tu, siku hizi iko kwenye kila duka la pembejeo, na muuza duka haulizi shamba lako liko wapi. Unaimwaga penye kina kifupi, sangara wanapanda juu wakitafuta hewa, unaokota.

"Kila mtu anafanya," alisema. "Gari la kiwanda linapakia, halimuulizi sangara amekufaje. Na dawa inaishia kwenye mashavu, Teodora. Si wewe unayefundisha? Samaki anakufa kwa kukosa pumzi. Kichwa kinakatwa kinatupwa, nyama haina kitu."

Nilimwambia shavu ndipo damu inapokutana na maji, na damu haikai mahali pamoja. Nililisema kwa sauti ya darasani. Akaniuliza kama nataka arudi kukaa barazani.

"Na vichwa vinavyotupwa vinaliwa na nani?" nikasema. "Na mboga unayowapa watu?"

"Mboga nawapa samaki wa nyavu."

"Basi mbona hapa nyumbani hatuli samaki?"

Baadaye akasema ataacha, mwezi huu huu, akishamaliza kulipia mashine ya mtumbwi. Nilipika nyama, tukala.

Alhamisi, 4 Februari

Nimefundisha hesabu badala ya sayansi.

Jumatano, 10 Februari

Nimeulizwa na Favour kama tutavua samaki wengine. Nimesema hapana.

Jumapili, 14 Februari

Sikwenda kanisani. Nilifua. Nimekuwa nikingoja nisikie kitu ndani yangu, hasira au huruma, na hakuna. Mikono inafanya kazi, mdomo unasalimia. Ningeweza kwenda kwa sungusungu leo. Wangempiga, kisha wangeitenga nyumba yetu, na aliyetengwa hasalimiwi, haombi moto kwa jirani, akifa anazikwa na mkewe peke yake. Lakini si hofu hiyo tu. Hatuna mtoto, na mama yake Shimba aliwahi kuja kutoka Magu na msichana wa kuoa, mzuri, mwenye adabu. Shimba aliwapikia chai, akawapa nauli, akawarudisha wote wawili. Hajanitajia jambo hilo tangu siku ile. Mwanaume wa namna hiyo unamshitaki kwa mdomo upi?

Ijumaa, 19 Februari

Nyama. Hajaacha.

Jumapili, 21 Februari

Baada ya ibada nilimkuta Rebeka kwenye tanuri lake, anageuza mapanki kwa kijiti, macho yamejaa moshi. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Leo umenikumbuka."

"Mama, usichukue tena mboga ya mtumbwi wetu."

Akaacha kugeuza. "Kwa nini?"

Hapo maneno niliyoyapanga yakanikimbia yote. "Basi tu," nikasema. "Nitakuwa nakuletea dagaa mimi mwenyewe."

"Dagaa." Akakiweka kijiti chini. "Mwanangu, mimi nimesukuma mitumbwi wewe hujazaliwa. Mboga si sadaka, ni jasho. Mtumbwi ukikwama kwenye magugu, ni nani anaingia majini mpaka kifuani? Ni wewe?"

"Sivyo, mama."

"Nyama imewaingia kichwani. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Mimi wa kwako sijawahi kuulamba, hata ukiwa umejaa."

"Sivyo hivyo, mama," nikasema tena. Lilikuwa limebaki neno moja tu la kusema, lenye silabi mbili, nikashindwa. Nikaondoka nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo.

Jumatatu, 22 Februari

Rebeka hakuitikia salamu yangu.

Alhamisi, 25 Februari

Dagaa nilizompelekea nimezikuta mlangoni kwetu, zimefunikwa vizuri na kawa langu.

Jumatatu, 1 Machi

Mwaloni wanasema mke wa Shimba anazuia mboga. Shimba ameniuliza nilimwambia nini yule mama. Nikasema nilimwambia asichukue. "Umwache," akasema, "utanichafulia jina." Sikujua kama nicheke.

Jumamosi, 6 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ya kwanza ya masika, na ziwa limechafuka rangi ya chai. Nilishuka kuchota maji. Mtumbwi wa Shimba ulikuwa unaingia, watu wameshika kamba, na Rebeka katikati yao, khanga ameifunga kiunoni, anavuta. Ulipokaa mchangani hakungoja kugawiwa kama siku zote. Alisimama mbele ya wote.

"Shimba, baba. Nimeambiwa nyumbani kwako mboga imekatazwa. Nataka nisikie kwako mwenyewe, maana mtumbwi ni wako."

Watu wakacheka, wakamngoja. Shimba akaniona na ndoo yangu. Nilidhani atamtafutia wa nyavu, kama yupo. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na dereva wa gari la kiwanda pia, na mwanaume anayeitwa mchoyo mwaloni ni bora aitwe mwizi. Aliinama mtumbwini akainua sangara mkubwa, wa kubebwa kwa mikono miwili.

"Mama, mwanamke akisema, si mtumbwi umesema," akamwambia. "Chukua."

Wakapiga vigelegele. Rebeka alipita karibu yangu na samaki wake, kichwa juu, mvua inamchuruzika usoni. Mashavu ya yule sangara yalikuwa ya kijivu. Niliyaona vizuri kabisa, kama ninavyoiona kalamu hii. Nilikuwa nimeshika ndoo kwa mikono yote miwili, na sikuiweka chini.

Jumapili, 7 Machi

Favour alikuja kunigongea kabla ya kengele ya kanisa. Alikuwa ametapika kwenye gauni lake.

Rebeka alikuwa sakafuni, amekakamaa, mikono imejikunja, povu mdomoni. Akaachia, halafu ikamrudia tena. Baina ya mara moja na nyingine alipumua kwa mdomo wazi, juu juu, shingo imenyooka kuelekea darini. Nilipiga magoti nikamshika kichwa. Aliniangalia, na sijui kama alinitambua. Nilisema "mama, mama," na lile neno jingine sasa lilikuwa halina kazi.

Tulimpeleka zahanati kwenye mkokoteni. Alifia njiani, penye mawe, na mkokoteni uliendelea kwenda kwa sababu aliyekuwa akiusukuma hakuwa amejua. Watu walisema ni malaria imempanda kichwani. Waliniuliza mimi, maana ni mwalimu. Nikasema sijui.

Favour alikula kipande cha mkia. Bibi yake alikula kichwa na matumbo, na nyama nzuri ameibanika ili auze. Favour ameacha kutapika. Analala hapa kwetu leo. Shimba ameketi nje kwenye mvua, na sijamwita aingie.

Jumatatu, 8 Machi

Mvua. Shimba ameenda ziwani.

Jumanne, 9 Machi

Tumemzika Rebeka mchana, kati ya mvua mbili. Mwanawe wa kiume, Obedi, alifika kutoka Majita na ndugu wengine, na uwanja ukajaa.

Hapa kwetu kwenye msiba kila mtu analeta kazi yake: mwenye shamba unga, mwenye ng'ombe maziwa, mwenye mtumbwi samaki. Sikulifikiria hilo mpaka nilipowaona vijana wanapanda na matenga mawili ya sangara, na mmoja anasema kwa sauti, "Kutoka kwa Shimba." Watu wakamwombea baraka. Yeye alikuwa amekaa na wanaume, kofia mapajani, anatazama chini.

Wanawake tukakaa kuzunguka matenga. Sabina, mkuu wa jikoni, alinipa kisu na samaki wa kwanza, mimi mke wa mtoaji. Nikafunua shavu. Nikafunua la wa pili, na la wa tatu. Watoto walikuwa wameshapanga sahani chini, Favour miongoni mwao.

"Msiwapike hawa," nikasema. "Wana sumu. Ni dawa ya pamba. Ndiyo iliyomuua mama."

Sikupiga kelele. Nilisema kama ninavyotangaza zamu za usafi.

Sabina akaniuliza, "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mume wangu ndiye anayewavua kwa dawa."

Kimya kilianzia kwetu kikatembea mpaka kwa wanaume. Nilimwona kila mmoja kinavyomfikia. Kilipomfikia Shimba hakukana, wala hakusimama. Aliniangalia kama siku ile ya dumu, mikononi, nilikoshika yule samaki. Nadhani alitaka kuniambia ninawe.

Sangara walizikwa nyuma ya choo. Walipokwenda kuwaita sungusungu, Shimba aliondoka kupitia kwenye mihogo.

Alhamisi, 11 Machi

Wamesema alionekana kivukoni Kigongo, akavuka kwenda Busisi. Mtumbwi wameuchoma. Kamanda wa sungusungu alikuja na watu wake akanisomea nikiwa nimesimama mlangoni: nyumba hii imetengwa. Akaniita Mwalimu mpaka mwisho, kwa heshima. Favour amechukuliwa na ndugu zake kwenye nyumba ya bibi yake, mpaka shule ifungwe.

Ijumaa, 12 Machi

Mwalimu Mkuu Chenge alikuja mpaka kwenye mwamba ulio mbele ya uwanja, akasimama upande wa pili, akasema kwa sauti kwamba nipumzike nyumbani. Nikamshukuru. Jinsi alivyofungua mdomo nilimkumbuka mwenzake wa kwenye beseni, nikacheka baada ya yeye kuondoka. Ndicho kicheko changu cha mwezi huu.

Jumatano, 17 Machi

Mvua.

Jumapili, 21 Machi

Mvua. Kuni zimelowa.

Jumatatu, 29 Machi

Redio inasema Ulaya wamesimamisha kununua samaki wa ziwa hili, kwa sababu ya sumu. Mwaloni magari ya viwanda hayaji. Wapita njia wanaongea kwa nguvu ili nisikie: mdomo wa mwalimu umefika mpaka Ulaya. Ningekuwa na mdomo wa namna hiyo, Rebeka angekuwa anabanika mapanki yake leo. Namkosa. Namkosa pia Shimba, na hilo naliandika hapa kwa sababu hakuna pa kulisemea.

Alhamisi, 1 Aprili

Shule imefungwa leo, nimeisikia kengele. Mvua imekatika tangu asubuhi.

Mchana Favour alikuja. Obedi, mjomba wake, alibaki kwenye mwamba na mzigo kichwani, maana hawaruhusiwi kuingia, lakini mtoto alivuka uwanja wote akasimama mlangoni. Amevaa viatu vipya vinavyomzidi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mnasafiri?"

"Tunakwenda Majita. Nitasoma huko."

Nilimwambia asome sana. Akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka.

"Mwalimu, bibi alisema umemnyima mboga. Alikasirika mpaka siku ile." Akashika mwimo wa mlango. "Ulipomwambia asichukue, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kumwambia nilikuwa na wasiwasi tu. Ana miaka kumi na mbili, angeandika chochote ninachomwambia.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Alifikiri kidogo, kama anavyofikiri ubaoni. Kisha akasema, "Haya, mwalimu," akageuka, akavuka uwanja akiangalia viatu vyake visizame kwenye tope. Nilisikia mjomba wake akimuuliza nimesema nini.

"Amesema alikuwa anajua."